Injini za Kuongozea Vyombo vya Angani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kutengeneza pampu na nozeli za dizeli, Industrial Area, Nairobi. Jumamosi mchana, wateja wakishaondoka, huwa naiacha karakana wazi kwa wanafunzi wa uhandisi wanaokuja kupima vijiinjini vyao vya hewa. Maswali yao yanafanana wiki baada ya wiki, kwa hiyo nimeamua kuyaandika hapa mara moja. Nimechanganya na machache ya majirani, ambao wanaamini nimeanza kurusha roketi.

Injini za kuongozea ndizo zipi? Si roketi ndiyo yenye injini?

Roketi ni lori la kukupeleka juu. Dakika chache tu na kazi yake imekwisha, lori limekushusha na kuondoka. Kuanzia hapo chombo kinajitegemea: kupandisha obiti yake, kukwepa takataka, kugeuza kamera, kupunguza mwendo kikifika kwenye sayari, na mwisho kujishusha. Zile ndege za angani za Marekani, Space Shuttle, zilikuwa na injini mbili za namna hii mkiani, kila moja ikisukuma kwa nyutoni elfu 27 hivi, pamoja na nyingine ndogo 44 puani na mkiani kwa ajili ya kugeuka.

Gari hugeuka kwa sababu tairi linashika lami. Huko juu hakuna lami. Kitu pekee cha kukanyagia ni kile ulichobeba mwenyewe: unakitupa upande huu, unasogea upande ule. Kikiisha, safari imeisha hata kama kila kifaa kingine ni kizima. Dawn, chombo cha Marekani kilichozunguka vijisayari vya Vesta na kisha Ceres, kilinyamaza Novemba 2018 kwa sababu hiyo hiyo. Kiliishiwa haidrazini, mafuta yake ya kujigeuza, kikashindwa kuelekeza antena yake duniani.

Kuboresha utendaji ni kuongeza nguvu, sivyo?

Hapana. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila anayekuja na mawazo ya pikipiki. Chombo kilicho tayari kwenye obiti hakina mlima wa kupanda. Mwenye chombo anataka kujua mambo mawili: kila kilo ya mafuta itanipa mwendo kiasi gani, na nikibonyeza mara ya elfu kumi, vali itafunguka na kufunga kama ilivyofanya mara ya kwanza? La kwanza ndilo linalojaza matangazo. La pili ndilo linalopoteza vyombo. Mimi ni mtu wa nozeli, nakiri naegemea la pili, na utaliona hilo ukiendelea kusoma.

Nguvu ina siku yake, sikatai. Chombo kinachofika kwenye sayari kwa kasi lazima kifunge breki ndani ya dakika chache, la sivyo kinapita kama matatu iliyojaa.

Kwa nini ubora wa injini unapimwa kwa sekunde?

Hili nalijibu kwa mizani ya jikoni. Tumechukua jeti ya kabureta, ya shaba, yenye shimo la milimita 1, ile unayoipata Kirinyaga Road. Tumeifunga kwenye mpira wa kompresa na kuisimamisha juu ya mizani, mdomo ukitazama dari. Shinikizo la kompresa likiwa ba 6, tukifungua vali mizani inaonyesha gramu 55 hivi. Huo ndio msukumo. Hewa inayotoka ni kama gramu 1.1 kila sekunde. Gawanya 55 kwa 1.1, unapata 50. Hizo ndizo sekunde zenyewe: kilo moja ya hewa ingeweza kusukuma kwa nguvu sawa na uzito wake kwa muda wa sekunde 50 kabla ya kuisha.

Sasa linganisha. Nitrojeni baridi kwenye ombwe, yaani mahali pasipo hewa, ikiwa na nozeli nzuri, hutoa kama sekunde 70. Haidrazini peke yake, 220 na kitu. Mafuta mawili yanayowaka yakikutana, 310 hadi 320. Injini za umeme za Hall, 1,500 hadi 2,000. Injini za ayoni zenye nyavu, 3,000 na zaidi. Ukitaka kujua gesi inatoka kwa kasi gani, zidisha sekunde kwa 9.8: injini ya sekunde 310 inatema gesi kwa mita 3,040 kila sekunde.

Kuna jaribio moja hapo mezani ambalo sichoki kulionyesha. Tulipitisha hewa ile ile kwenye koili ya shaba juu ya jiko la gesi hadi ikafika nyuzi 200 hivi, tukafungua vali. Mizani ikabaki pale pale, gramu 55. Wanafunzi wakadhani imekwama. Haikuwa imekwama. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo kwenye tundu lile lile inapita gramu chache, lakini kila gramu inatoka kwa kasi zaidi. Msukumo haukuongezeka. Kilichopungua ni matumizi, na sekunde zikapanda kutoka 50 hadi 60 na kidogo. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya somo: injini bora inatoa nguvu ile ile kwa kula kidogo. Mama mwenye hoteli jirani aliyekuwa amesimama mlangoni alielewa kabla ya wanafunzi, maana yeye hesabu yake ya kila siku ni makaa.

(Kwa wanaopiga hesabu: geji ya kompresa haihesabu hewa inayotuzunguka. Hapa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa hiyo inabonyeza kwa ba 0.83 hivi, si 1.01 kama Mombasa. Usiisahau kwenye jumla yako.)

Sekunde kumi na tatu zaidi zinabadilisha nini? Ni kidogo mno.

Tupige hesabu kwa kanuni aliyoichapisha Mrusi Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903. Setilaiti ya mawasiliano ya kilo 1,000 imeachwa na roketi kwenye obiti ya muda, na inahitaji kujiongezea mita 1,500 kwa sekunde ili ifike kwenye obiti yake ya kudumu. Kwa injini ya sekunde 310 itachoma karibu kilo 390. Kwa injini ya sekunde 323, karibu kilo 377. Tofauti ni kilo 12.

Kilo 12 ni nini? Mfuko mdogo wa viazi. Lakini setilaiti hiyo, kila mwaka, hutumia kama mita 50 kwa sekunde kupingana na mvuto wa mwezi na jua unaotaka kuipindisha njia yake. Kwa chombo cha ukubwa huu hizo ni kilo 11 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo zile sekunde kumi na tatu zimekununulia karibu mwaka mmoja wa matangazo ya televisheni, bila kuongeza hata lita moja kwenye tangi.

Kama joto ndilo siri, kwa nini wasichome kwa moto mkali zaidi tu?

Kwa sababu chuma kitalia. Moto wa yale mafuta mawili yanayowaka yakikutana ni mkali kuliko kiwango ambacho kuta za chemba, chumba yanamochomwa, zinaweza kuvumilia. Dawa ya siku zote imekuwa kutoa sehemu ya mafuta na kuyamimina kandokando ya ukuta kama pazia la kupoza. Pazia hilo halichomeki vizuri. Linatoka nje likiwa limefanya kazi nusu, na hapo ndipo sekunde zinapovuja.

Mfano mzuri ni R-4D, injini ya nyutoni 445 iliyobuniwa kwa ajili ya safari za Apollo. Kumi na sita zilifungwa kwenye chombo kilichobeba wanaanga na nyingine kumi na sita kwenye kile kilichotua mwezini. Imeendelea kutengenezwa hadi leo, na hadithi yake ni ya kubadilisha ukuta. Kwa muda mrefu chemba ilikuwa ya aloi ya niobiamu yenye ganda la kuikinga, nayo inatakiwa isivuke sana nyuzi 1,300. Baadaye wakaja na reniamu, metali ambayo haiyeyuki hadi ipite nyuzi 3,100. Tatizo la reniamu ni kwamba oksijeni inaila upesi ikiwa moto, kwa hiyo ndani wakaipaka iridiamu. Ukuta huo mpya unavumilia nyuzi 2,000 na zaidi, pazia la kupoza likapunguzwa, na injini ikatoka kwenye sekunde 312 hadi 323. Muundo wa injini ni ule ule wa babu. Waliobadilisha mambo ni watu wa metali.

Uwiano wa mafuta nao una ujanja wake. Tetroksidi ya nitrojeni, ile inayobeba oksijeni, na mafuta ya monomethilihaidrazini mara nyingi hutumiwa kwa uwiano wa 1.65 kwa 1 kwa uzito. Si uwiano unaotoa sekunde nyingi kuliko zote; huo uko juu zaidi. Kwa nini 1.65 basi? Kwa sababu kwa uwiano huo mafuta yote mawili yanajaa matangi ya ukubwa ule ule kabisa. Unachora tangi moja, unaagiza mawili. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilicheka sana. Ni uamuzi ambao fundi yeyote wa Kariobangi angeufanya bila kuitisha kikao.

Mbona mdomo wa nozeli ni mpana kama tarumbeta?

Gesi ikitoka kwenye koo la nozeli bado ina joto na shinikizo ndani yake. Mdomo unaofunguka taratibu huiruhusu kupanuka, na kupanuka huko hugeuka kuwa kasi. Duniani hewa inayotuzunguka inaubana mkondo, hivyo mdomo mpana kupita kiasi unaleta hasara. Huko juu hakuna kinachobana, kwa hiyo upana unalipa hadi pale uzito, nafasi na msuguano vinapokataa. Toleo la R-4D la sekunde 323 lina mdomo wenye eneo zaidi ya mara 300 ya koo lake. Zile za Apollo zilikuwa kama mara 40. Ndiyo maana huwezi kuipima injini kama hiyo uani. Inawekwa kwenye chumba kinachofyonzwa hewa mchana kutwa.

Haidrazini ni kitu gani, na kwa nini watu wanataka kuiacha?

Ni kimiminika kisicho na rangi, kinachonuka kama amonia. Raha yake ni kwamba hakihitaji cheche wala mwenzake wa kukichoma: unakipitisha kwenye punje za alumina zilizopakwa iridiamu, kinavunjika chenyewe na kuwa gesi ya moto mkali. Tangi moja, bomba moja, vali moja. Kwa miongo mingi hiyo ndiyo imekuwa njia ya kawaida ya setilaiti nyingi.

Karaha yake ni sumu. Anayejaza tangi huvaa suti nzima kama mzamiaji, na kazi nyingine zote jirani husimama. Tena kinaganda kwenye nyuzi 2 hivi, kwa hiyo mabomba yote yanahitaji hita za umeme maisha yote ya chombo.

Kuna vibadala vilivyokwisha kuruka. Prisma ya Sweden ilikwenda juu mwaka 2010 na mafuta yaitwayo LMP-103S. Juni 2019 Marekani ilirusha chombo cha GPIM chenye mafuta mengine, AF-M315E, ambayo tangi la ukubwa ule ule linatoa karibu nusu zaidi ya kazi kuliko haidrazini. Gharama iko kwingine: punje za kichocheo lazima zipashwe hadi nyuzi mia tatu na kitu kabla hujawasha, na chemba inakuwa moto zaidi. Huwezi kushtuka tu na kubonyeza.

Maoni yangu, na nimebishana nayo na watu wenye shahada: nchi inayoanza kama yetu isiguse haidrazini. Pesa za suti, za wazima moto na za ruhusa zitakula mradi kabla injini haijawaka hata mara moja.

Injini za umeme zina sekunde elfu mbili. Kwa nini zisitumike kila mahali?

Kwa sababu umeme wa jua nao una kikomo. Injini hizi hazichomi kitu: umeme huipa gesi chaji, ikawa ayoni, kisha huirusha nje kwa kasi. Chukua injini ya Hall inayokula kilowati 1.5, takriban sawa na pasi mbili ndogo, na ambayo nusu ya umeme huo ndiyo inayofika kwenye mkondo wa gesi. Kwa sekunde 1,700 itakupa nyutoni 0.09. Weka karatasi mbili za A4 kiganjani. Huo ndio msukumo wake. Ile setilaiti yetu ya kilo 1,000 ingeokoa mamia ya kilo za mafuta, lakini ingechukua miezi kufika pale ambapo injini ya moto inafika kwa siku chache, tena kwa njia ya mzunguko inayodai mwendo zaidi.

Ukiwa na subira, faida ni kubwa ajabu. Dawn niliyoitaja juu ilibeba kilo 425 za zenoni, na kwa hizo ikajibadilishia mwendo kwa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde. Siku hizi gesi yenyewe ndiyo inayobishaniwa. Zenoni ni ghali, kwa hiyo setilaiti za intaneti za Starlink zilianza na kriptoni, kisha toleo lililoanza kuruka mwaka 2023 likaja na agoni, gesi ile ile ya mafundi wa kuchomelea alumini. Ina sekunde 2,500 na msukumo wa nyutoni 0.17, kwa kilowati 4.2.

Adui wa injini hizi ni kulika. Ayoni zinazoruka zinakwangua kuta kama mchanga. Maboresho makubwa ya miaka ya karibuni ni kupanga upya uga wa sumaku ili mkondo usiguse ukuta, na injini inaishi muda mrefu zaidi bila kuguswa sehemu nyingine yoyote.

Injini ilifaulu kila jaribio ardhini. Mbona inagoma huko juu?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na jibu lake mara nyingi si injini. Ni vali, bomba au uchafu.

Mwaka jana kikundi kimoja kilikuja na injini yake ya hewa ikiwa imepungua kutoka gramu 55 hadi 30. Wakabadilisha kompresa, wakabadilisha mpira, wakaanza kulaumu hesabu. Nikafungua jeti na kuiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Kwenye tundu kulikuwa na unyuzi mweupe wa ile tepu ambayo mafundi bomba huzungushia kwenye nati ili zisivuje. Aliyeifunga alikuwa ameizungusha nyuzi moja kupita mwisho wa skrubu. Basi.

Usicheke. Agosti 2010 Marekani ilirusha setilaiti ya kijeshi ya AEHF-1, na injini yake kubwa ikakataa kuwaka. Sababu iliyotajwa baadaye kuwa ndiyo inayoelekea zaidi kuwa ya kweli: kipande cha kitambaa kilichosahauliwa ndani ya bomba la mafuta wakati wa kuunda. Waliiokoa kwa kutumia injini ndogo za haidrazini na za umeme, wakaisukuma polepole hadi mahali pake kwa miezi 14.

Akatsuki ya Japani ndiyo inayoniuma kuliko zote. Ilifika Venus Desemba 2010, ikawasha injini ya kufunga breki, na katikati ya kazi mambo yakaharibika. Mvuke wa kemikali ya oksijeni ulikuwa umepenya na kukutana na mvuke wa mafuta kwenye vali, ukatengeneza chumvi, chumvi ikaizuia vali isifunguke vizuri. Mafuta yakapungua, uwiano ukaharibika, joto likapanda, na nozeli ya kauri ikavunjika. Chombo kikapita Venus na kuzunguka jua miaka mitano. Kisha, Desemba 7, 2015, wakatumia injini nne ndogo zilizokusudiwa kukigeuza tu, wakaziwasha kwa dakika 20 hivi mfululizo, na kikaingia kwenye obiti. Walikuwa wamekwisha kumwaga angani ile kemikali ya oksijeni isiyo na kazi tena ili kupunguza mzigo. Kila nikimsimulia mwanafunzi, humwambia aandike: chumvi kwenye vali.

Juno nayo, chombo cha Marekani kule Jupiter. Oktoba 2016 vali zake za heliamu, ambazo zingefunguka kwa sekunde chache, zilichukua dakika kadhaa. Wakaona heri kutoiwasha injini kubwa kabisa, na chombo kikabaki kwenye mzunguko wa siku 53 badala ya 14 zilizopangwa. Kilifanya sayansi nzuri kutoka huko huko. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wazima.

Na Starliner, chombo cha Boeing cha kubeba wanaanga, Juni 2024: injini tano za kujigeuza zilizima wakati wa kukaribia kituo cha anga cha kimataifa, nne zikarudi. Majaribio ya ardhini yalionyesha kwamba joto ndani ya kile kibanda zilimofungwa kwa pamoja lilivimbisha kizibo cha Teflon kwenye vali, kikabana njia ya mafuta. Kila injini peke yake ilikuwa sawa. Zilipikana zilipowekwa pamoja.

Je, uzee unaharibu injini hizi hata kama hazichakai?

Voyager 1, chombo cha Marekani, iliondoka duniani mwaka 1977. Utando wa mpira ndani ya tangi lake la haidrazini umekuwa ukiachia vumbi laini la silika, nalo linaziba vijibomba vya injini. Kimoja kilichoanza na upana wa milimita 0.25 kilifika milimita 0.035, nyembamba kuliko unywele. Wahandisi wamekuwa wakihama kutoka kundi moja la injini hadi jingine. Novemba 2017 waliwasha zile ambazo hazikuwa zimeguswa tangu 1980, zikaitika. Mwaka 2025 wakafufua nyingine zilizohesabiwa kuwa zimekufa tangu 2004.

Kuwasha kwa vipindi vifupi vifupi hakupotezi mafuta?

Kunapoteza, na hapa ndipo kazi yangu ya dizeli inanisaidia. Nozeli mbovu ya dizeli haifungi kwa mkato. Pampu ikiacha kusukuma, inakojoa: tone linaning'inia mdomoni, linaingia kwenye silinda kwa wakati wake, linatoa moshi mweusi bila kuongeza nguvu. Injini ya angani ina ugonjwa huo huo kwa jina tofauti. Kati ya vali na chemba kuna kijinafasi. Vali ikifunga, mafuta yaliyobaki hapo yanachuruzika na kuchemka yenyewe kwenye ombwe, yakitoka bila kazi ya maana. Ukiwasha kwa sekunde thelathini, hasara hiyo haionekani. Ukiwasha kwa sehemu ndogo ya sekunde mara maelfu, na kila mara chemba ikiwa baridi, injini ya sekunde 220 inashuka vibaya.

Tiba ni kuisogeza vali karibu na chemba kadiri joto linavyoruhusu, kupunguza kijinafasi hicho, na kuifanya vali ifunge haraka. Dawa nyingine ni kuacha kutumia injini kwa kazi ndogo: magurudumu ya ndani yanayozunguka kwa umeme yageuze chombo, na injini ziitwe tu magurudumu yakishashiba mwendo.

Programu peke yake inaweza kuboresha utendaji?

Sana, kwa sababu programu ndiyo inayoamua injini iwashwe lini. Mafuta yale yale yakichomwa chombo kikiwa chini na kasi kubwa hulipa zaidi kuliko yakichomwa kikiwa juu na polepole. Wahindi walitumia hilo mwaka 2013: chombo chao cha Mars kilikuwa na injini ya nyutoni 440 tu, kwa hiyo waliwasha mara kadhaa kila kilipopita karibu na dunia, wakiinua obiti kidogo kidogo hadi Desemba 1 kilipoondoka. Kwenye mwasho mmoja wa Novemba walijaribu kuipa umeme koili kuu na ya akiba ya vali kwa pamoja, na mafuta yakaacha kupita. Chombo kilipata mita 35 kwa sekunde badala ya 130. Siku iliyofuata wakarudia wakiwa na koili moja, na hesabu ikakamilika. Unaona? Hata hapo ilikuwa vali.

Kenya tunahusikaje na haya yote?

Zaidi ya watu wanavyofikiri. Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na 1KUNS-PF, kijisanduku cha sentimita 10 kilichoachiwa kutoka kituo cha kimataifa Mei 2018, na Taifa-1 ikaruka Aprili 15, 2023. Vijisetilaiti vya ukubwa huo mara nyingi havibebi injini. Hugeuzwa kwa sumaku na magurudumu, na hewa nyembamba ya juu ndiyo inayovishusha mwishowe.

Lakini Desemba 30, 2024 pete ya chuma ya kilo 500, yenye kipenyo cha mita 2.5, ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Haikuua mtu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini chombo kibakize mafuta ya kujishusha mahali salama.

Naweza kufanya jaribio la mizani nyumbani?

Hewa baridi, ndiyo. Tumia tangi la chuma la kompresa lenye vali ya usalama inayofanya kazi, kamwe si chupa ya plastiki, na vaa miwani, kwa sababu jeti ikichomoka ni risasi. Mpira usimame wima bila kuinama, la sivyo mizani itapima ugumu wa mpira. Kupata gramu kwa sekunde, funga kompresa, pima tangi dogo kabla na baada ya kufungua vali kwa sekunde 10, kisha gawanya. Shinikizo litakuwa limeshuka kidogo, kwa hiyo tumia regyuleta ukiwa nayo.

Hewa ya moto, njoo tufanye pamoja. Kemikali, usithubutu, hata ukiona video. Na ile tepu nyeupe, iishie nyuzi mbili kabla ya mwisho wa skrubu.